Ajali Haina Kinga, Lakini Mwendo Una Kipimo

Wazee wetu walitwambia kwamba ajali haina kinga. Ni neno zito, na mwenye kulitamka aghalabu hulitamka akiwa ameinamisha kichwa, matangani au nyuma ya jeneza. Lakini neno hilo hilo, likichukuliwa vibaya, laweza kuwa pazia la kufichia uzembe. Makala haya yataka kulifunua pazia hilo kidogo, kwa kulitazama jambo ambalo siku hizi lazungumzwa sana katika Kenya na kwa majirani zake. Nalo ni zile kamera zinazojiendesha zenyewe, ziwekwazo kando ya barabara za hatari ili kuyanasa magari yaendayo kasi kupita sheria.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Ajali tumeipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni muda uliowekwa, ule mwisho ambao kila nafsi imeandikiwa. Sisi Waswahili tulipolichukua tukalipa kazi mbili. Yule mzee wa miaka tisini afaye kitandani mwake twasema ajali yake imefika, na gari likipinduka kwa sababu dereva alikuwa akishindana na mwenziwe twasema pia kwamba ni ajali. Hapo ndipo kosa lilipoingilia. La kwanza ni amri ya Mola, na la pili lina mkono wa mja ndani yake. Kwa kuwa neno ni moja, mkono ule wa mja hupata mahali pa kujificha.

DARAJA LA NITHI

Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi la kampuni ya Modern Coast lilikuwa safarini kutoka Meru kuja Mombasa. Lilipofika daraja la Nithi, baina ya Chogoria na Chuka, lilitoka barabarani na kutumbukia bondeni, kiasi cha mita 40 kwenda chini, karibu na mto. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, ile ijulikanayo kama NTSA, iliisimamisha kampuni ile isifanye kazi kwa muda. Taarifa za mwanzo zilitaja uwezekano wa kufeli kwa breki, na manusura walisimulia juu ya kasi.

Msomaji wa Pwani asiseme kwamba hayo ni mambo ya bara. Basi lile lilikuwa laja kwetu. Waliokuwamo walikuwa wakingojewa Mombasa na jamaa zao, na misiba iliyofuata iligawanyika baina ya mlima na bahari.

Barabara yenyewe yafaa ijulikane ilivyo, kwa sababu bila ya kuijua hatutafahamu kwa nini watu hufa pale pale. Ukitoka Makutano, penye mashamba ya mpunga ya Mwea, wafika Embu, kisha Runyenjes, kisha Chuka, Chogoria, Nkubu, mpaka Meru mjini. Njia yote hiyo yazunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya. Mito itokayo mlimani yashuka kuelekea mto Tana, na kila mto umejichimbia bonde lake. Barabara nayo, kwa kuwa yazunguka mlima, haina budi kuvuka mabonde hayo moja baada ya moja: Thuci, Nithi, Mutonga na mengineyo. Kwa hiyo safari ya pale ni kushuka, kona, daraja, kona, kupanda, kisha kushuka tena. Wenyeji wa Tharaka Nithi, ambao mpaka mwaka 1992 walikuwa katika wilaya ya Meru, wameyajua materemko hayo miaka mingi, na ajali ya 2022 haikuwa ya kwanza kuwaliza mahali pale.

HESABU YA DAKIKA MOJA

Sasa natufanye hesabu ndogo, ambayo hata mtoto wa chuoni aweza kuifanya kwa vidole. Tuseme kuna mteremko wa kilomita 3. Basi liendalo kilomita 50 kwa saa litaumaliza kwa dakika 3 na sekunde 36. Basi liendalo kilomita 80 kwa saa litaumaliza kwa dakika 2 na sekunde 15. Tofauti ni dakika moja na sekunde 21. Muda huo ni mchache kuliko muda wa kutia udhu kwa utulivu. Na safari ya kutoka Meru mpaka Mombasa ni takriban kilomita 700, yaani mchana kutwa au usiku kucha. Ni nani katika abiria wale ambaye, lau angeulizwa, angekubali kuiweka roho yake rehani kwa dakika moja na ushei?

Tena nguvu ya chombo haiongezeki sawa na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Kwenda kilomita 80 kwa saa ni kupita mita 22 kila sekunde, na dereva akishituka kwa sekunde moja tu kabla mguu haujafika kwenye breki, mita hizo 22 zimekwisha kupita bila ya yeye kufanya lolote. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wastani wa mwendo ukizidi kwa sehemu moja katika mia, hatari ya ajali ya kuua huzidi kwa sehemu nne katika mia. Haya ni mambo ya hesabu, na hesabu haitazami uso wa mtu wala kabila lake.

MHOLANZI NA MASHINE YAKE

Wengi wetu twadhani kwamba kamera ya mwendo ilibuniwa na askari au na wakusanyaji wa kodi. Hasha. Aliyeitangaza duniani ni mtu aliyependa kasi kuliko wengi. Jina lake ni Maurits Gatsonides, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1911 katika kisiwa cha Java, na mwaka 1953 alishinda mashindano makubwa ya magari ya Monte Carlo. Alitaka kujua anapoteza mwendo wapi anapopiga kona, akaunda chombo cha kujipimia. Mwaka 1958 akaanzisha kampuni ya kuvitengeneza vyombo hivyo, na baadaye polisi wa nchi nyingi wakavinunua. Hivyo chombo cha kumsaidia mwenye mbio kikawa ndicho cha kumzuia.

Kazi yake si uchawi. Mashine hutoa mawimbi yasiyoonekana, yakaligonga gari na kurudi. Gari likiwa laja mbio, mawimbi hurudi yamebanana, kama vile honi ya pikipiki inavyolia kwa sauti kali inapokujia na kulegea inapokupita. Kwa tofauti hiyo mashine yajua mwendo, na ukizidi kiwango, picha hupigwa na namba ya gari husomwa.

Aina ya pili ndiyo inayofaa zaidi kwa mahali kama Nithi. Hii haipimi nukta moja, yapima masafa. Kamera ya kwanza huandika saa gari lilipopita juu ya mteremko, na ya pili huandika saa lilipotokea upande wa pili. Ikiwa masafa ni kilomita 10 na sheria ni kilomita 80 kwa saa, basi haliwezi kufika kabla ya dakika 7 na nusu. Likifika kwa dakika 6, lilikuwa lakwenda kilomita 100, na hapana ubishi. Scotland waliziweka kamera za namna hiyo katika barabara ya A77 mwaka 2005, na katika barabara ya A9 mwaka 2014. Italia nao walianza mwaka 2005. Faida yake ni kwamba dereva hawezi kufunga breki mbele ya kamera kisha akatimua mbio baada ya kuipita, mchezo ambao kila abiria wa mabasi anaujua.

Je, zafaa? Mwaka 2010 wataalamu walizikusanya tafiti 35 kutoka nchi mbalimbali na kuzipima. Waliona kwamba mahali penye kamera, ajali za kuua na za kujeruhi vibaya zilipungua baina ya sehemu 11 na sehemu 44 katika kila mia. Tofauti hiyo ni kubwa, na yaonyesha kwamba kamera peke yake si dawa ya kila mahali. Lakini hata ile ndogo, sehemu 11 katika mia, ni watu. Katika Kenya, ambapo kila mwaka barabara zaua watu zaidi ya 4,000 kwa hesabu ya serikali, sehemu 11 katika mia ni zaidi ya majeneza 400.

MAJIRANI WAMEONJA

Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mafunzo. Ndugu zetu walioko Oman wazijua rada za polisi siku nyingi, na hakuna Mswahili wa Maskati asiyewahi kupata habari ya faini yake kwa simu. Mwaka 2012 waliokufa barabarani katika nchi ile walipita 1,000. Ilipofika mwaka 2018 hawakufika 700, ingawa magari hayakupungua. Haikuwa kazi ya rada peke yake, kwani sheria nayo ilikazwa mwaka 2016 na barabara zikatengenezwa. Lakini rada zilikuwamo.

Rwanda nao waliziweka, na wananchi wakazibandika jina la Sofia, kama kwamba ni bibi mmoja asimamaye kando ya njia na kumwona kila mpitaji. Mwaka 2021 malalamiko yakawa mengi. Watu walisema kwamba viwango vya mwendo ni vya chini mno na kwamba Sofia amefichwa vichakani. Mambo yakafika kwa Rais Paul Kagame, naye akayazungumza hadharani.

Uganda walipata mtihani mkubwa zaidi. Mwezi wa Juni 2025 walianzisha mpango wa faini za kamera, na mwezi huo huo wakausimamisha kwa sababu ya kelele za wananchi juu ya faini nyingi zilizowaangukia kwa ghafla. Tanzania nao wana askari na tochi, maana hivyo ndivyo waiitavyo ile mashine ya kushika mkononi, na mwenye kosa hutozwa faini.

Katika hayo yote, ndugu msomaji, kuna funzo moja. Kamera iliyofichwa, yenye kiwango cha mwendo kisichoeleweka, na yenye faini ya kumfilisi mtu, huzaa chuki hata kama nia yake ni njema. Kamera iliyo wazi, yenye kibao kikubwa kabla yake, huzaa adabu. Mwindaji hujificha kwa kuwa ataka nyama, lakini mlinzi wa mlango hukaa mahali pa kuonekana.

CHAI YA BARABARANI

Kenya haikosi sheria. Mwaka 2004 zilianza kutumika zile kanuni ambazo watu mpaka leo waziita sheria za Michuki, kwa jina la marehemu John Michuki aliyekuwa waziri wa uchukuzi. Matatu na mabasi yakatakiwa yawe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, mikanda kwa kila abiria, na mstari wa manjano ubavuni. Kwa muda mambo yalitengenea. Kisha vidhibiti vikaanza kuchezewa, vikabaki kama hirizi za kuonyesha askari. NTSA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwaka 2016 zikatangazwa kanuni za faini za papo kwa papo: mwenye kuzidisha kilomita 1 mpaka 5 aonywe, mwenye kuzidisha 6 mpaka 10 alipe shilingi 500, 11 mpaka 15 alipe 3,000, na 16 mpaka 20 alipe 10,000.

Basi kama sheria ziko, kwa nini watu bado wafa? Jawabu kila mtu analo mdomoni. Baina ya sheria na dereva kuna mkono ulionyooshwa dirishani, na katika mkono huo kuna chai. Madereva wapishanao huonyana kwa taa kwamba askari wako mbele. Mwendo hupunguzwa kwa kilomita mbili, noti hutolewa, kisha mbio zikaendelea. Katika biashara hiyo roho ya abiria haina bei, kwani yeye si muuzaji wala si mnunuzi.

Kamera haina mkono wa kunyoosha, na hiyo ndiyo sifa yake kuu. Haimjui mwenye basi, haina mjomba bungeni, wala hailali saa nane za usiku. Lakini tusidanganyike. Nyuma ya kamera kuna ofisi, na katika ofisi kuna watu. Chai iliyofukuzwa barabarani yaweza kuingia kwa mlango wa nyuma, pale ambapo picha hufutwa au mkataba hutiwa sahihi. Na ikiwa mwenye kuziweka kamera atalipwa fungu katika kila faini, atatamani makosa yazidi. Atazitega penye barabara nyoofu ambapo faini ni nyingi, na Nithi, penye mauti mengi, hatapaona.

KAMERA HAIONI BREKI

Mwenye kupinga atauliza swali la haki: ikiwa basi la mwaka 2022 lilikosa breki, kamera ingefaa nini? Kamera haioni breki.

Ni kweli haioni. Lakini mafundi wajua kwamba breki za gari zito mara nyingi hazifi kwa ghafla. Hufa kwa joto. Dereva aingiapo mteremko mrefu kwa gia kubwa na mwendo mkubwa hulazimika kuikanyaga breki wakati wote. Breki hushika moto, na ikisha kushika moto huteleza kama mkono wenye sabuni. Dereva aingiaye kwa gia ndogo, polepole, huachia injini ilizuie gari, na breki zake hubaki baridi kwa wakati wa haja. Kwa hiyo kamera iwekwayo juu, mwanzo wa mteremko, yamlazimisha dereva apunguze kabla ya kushuka, na kwa kufanya hivyo yazilinda breki ambazo haizioni.

Hata hivyo hiyo si hoja ya kuacha kazi nyingine. Kona ya Nithi na mteremko wake ni lawama ya waliosanifu barabara, na baada ya ule msiba wa 2022 ahadi za kuitengeneza upya sehemu hiyo zilitolewa. Ahadi ni deni. Kamera isifanywe kibandiko cha kufunikia deni hilo. Nazo gari ziendazo masafa marefu zikaguliwe breki kwa ukweli, si kwa muhuri tu.

Na faini imfikie nani? Dereva wa basi mara nyingi hulipwa kwa safari, na ratiba huiandika mwenye gari. Mwenye gari akitaka basi lifike kabla ya adhana ya alfajiri ilhali njia yataka lifike baada ya jua kutoka, basi mwendo ule ameuagiza yeye. Kamera husoma namba ya gari, na namba yaelekea kwa mwenye gari. Hapo mimi naona pana uadilifu, mradi dereva naye asisamehewe lake.

JE, KAMERA NI TAJASUSI?

Wako watu wa dini, wenye nia njema, wanaouliza kama kuwapiga watu picha bila ya idhini si ule upelelezi tuliokatazwa. Swali hili lisidharauliwe. Tumekatazwa kuchunguzana aibu zetu, na nyumba ya mtu ina sitara yake. Lakini barabara si nyumba. Ni njia ya watu wote, na njia ina haki zake, ya kwanza ikiwa ni kuondoa yale yenye kudhuru. Mwiba waondolewa njiani kwa thawabu, seuze basi lenye tani nyingi!

Lakini jambo hilo lina mipaka yake. Picha na ipigwe namba, si nyuso. Zile kamera zipigazo kwa nyuma huiona namba na huwaacha abiria na mama zetu katika sitara yao. Magari yasiyo na kosa, picha zao zifutwe. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, na sheria hiyo itumike katika kamera kama itumikavyo kwingineko.

Na kwa wale wasemao kwamba yote ni kudura, basi kamera ya nini, nawakumbusha tulichosomeshwa chuoni. Fikihi yetu haikusema kwamba mwenye kuua kwa makosa hana neno. Imemwekea kafara, na imewawekea warithi wa maiti dia yao. Lau mauti ya makosa yangekuwa ni kudura tupu isiyo na mkono wa mja, kafara ingekuwa ya nini? Na ile hadithi ya bedui na ngamia wake, aliyefunzwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola, hakuna mtoto wa chuoni asiyeijua. Kidhibiti mwendo ni kamba ya ngamia, na kamera ni mtu anayetazama kama kamba imefungwa.

NA SISI JE?

Imebaki sehemu ambayo haitatupendeza. Barabara ile ya Meru haibebi abiria tu. Huko Maua na vilima vya Nyambene ndiko itokako miraa, na miraa ni bidhaa isiyojua subira. Ikipita siku mbili tangu kukatwa, nguvu yake hupotea na bei yake hufa. Ndiyo sababu magari yanayoibeba yamejipatia sifa ya kukimbia kama yafukuzwayo. Na je, yakimbilia wapi? Baadhi yake yaja Mombasa, Malindi na Lamu. Gomba linalotafunwa barazani kwetu jioni lilitoka shambani jana, na haliwezi kufika likiwa bichi isipokuwa mtu amekimbia. Mwenye kuudhika kwa kuwa limechelewa ameagiza mbio bila ya kujua. Sisemi hapa habari ya uhalali wake, maana wanavyuoni wana maneno yao. Nasema kwamba mwenye kununua haraka asimlaumu mwuza haraka peke yake.

Kadhalika abiria. Sisi watu wa Pwani twajisifu kwa heshima, na heshima imetufunza kunyamaza. Basi latimua mbio, wanawake wasoma dua kimoyomoyo, wanaume washika viti, na hakuna amwambiaye dereva neno. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walilijaribu jambo hili Kenya. Walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akienda vibaya. Walipotoa matokeo mwaka 2011, madai ya bima kwa magari yenye vibandiko yalikuwa yamepungua kwa nusu mpaka thuluthi mbili. Walirudia kwa magari mengi zaidi, na mwaka 2015 wakaonyesha upungufu wa robo mpaka thuluthi. Kampeni hiyo iliitwa Zusha. Kwetu kuzusha ni neno la lawama, lakini hapa ni afadhali mzushi aliye hai kuliko mpole aliye jenezani.

Kama ningeombwa kibandiko cha mabasi yetu ya Pwani, ningeandika hivi:

Mwendo si wako pekeo, abiria wana haki,
Una roho za wenzio, si mali ya kumiliki,
Kwenye mashuko yajayo, breki haziaminiki,
Kawia ufike nao, haraka haibariki.

Basi kauli yangu ni hii. Kamera ziwekwe Nithi, na katika mabonde mengine ya Embu na Meru yenye sifa kama yake, na ziwe za kupima masafa, si za kuvizia. Zitanguliwe na vibao vinavyosomeka usiku. Mwenye kuziweka alipwe ujira wake, asipewe fungu katika faini. Pesa zitakazopatikana zianze kwa kuitengeneza kona ile ile iliyozizaa. Aliyeonewa apate mahali pa kushitaki bila ya kuuza mbuzi wake. Na ofisi itangaze kila mwaka, kwa hesabu, ni watu wangapi walikufa mahali pale kabla ya kamera na wangapi baada yake. Zikionekana hazikupunguza mauti, ziondolewe, maana hazikuwekwa kwa ajili ya mapato.

Ajali haina kinga, walisema wazee, na kweli walisema. Lakini walikuwa mabaharia, na jahazi zao hawakuzitweka tanga lote penye upepo wa tufani. Walipunguza tanga kwanza, ndipo wakasema Inshallah.